Sahihi Nane za Bwawa la Obange

Kupima bwawa ni kazi ya watu wawili. Mmoja hushika ncha ya kamba upande huu, mwenzake huzunguka na ncha ya pili hadi ng'ambo, wakavuta mpaka kamba inyooke, ndipo mafundo yahesabiwe. Walubengo alikuwa peke yake. Alichonga kigingi, akakipigilia kwa jiwe, akafunga kamba, akazunguka. Kigingi kiling'oka mara tatu. Mara ya nne kilishika, naye akahesabu mafundo arobaini na mawili, fundo moja kwa kila hatua ya mtu mzima, akayaandika katika daftari la hesabu lenye miraba.

Mama Milka, ambaye boma lake lilipakana na bwawa, alikuwa amesimama akimtazama tangu kigingi kilipong'oka mara ya kwanza.

"Walu, unapima kaburi la nani?"

"Napima bwawa, Mama."

"Bwawa gani?"

Lilikuwa swali la haki. Mahali hapo paliitwa bwawa la Obange, lakini mgeni angepita katikati yake kwa baiskeli asijue. Lilichimbwa enzi ya mkoloni, na kwa miaka mingi liliwanywesha ng'ombe wa vijiji vitatu nje kidogo ya Pap Onditi. Kisha mvua ikaanza kukata makorongo kule mlimani, na kila msimu korongo lilishusha udongo wake likaumwaga bwawani. Kufikia mwaka huo wa 1987 palikuwa na tope lililokauka na kupasukapasuka, na katikati dimbwi la kijani ambalo hata punda alilinusa akageuka. Wanawake waliteka maji mtoni. Kwenda na kurudi kulimaliza asubuhi nzima.

"La Obange," alisema Walubengo. "Litarudi."

Mama Milka hakucheka. "Na wale wenzako wako wapi?" aliuliza, kisha akaingia zake bomani bila kungoja jibu.

Wenzake walikuwa saba. Mwanzoni mwa 1985, baada ya ule ukame uliomaliza mifugo, vijana wanane walibaki kanisani ibada ilipokwisha. Wote walikuwa wamewahi kuvuta ng'ombe aliyekwama kwenye tope la Obange, na mara nyingi walimvuta akiwa amekwisha kufa. Aliyesimama kuzungumza alikuwa Ochieng, kijana mrefu mwenye sauti ya kujaza nyumba. Alisema babu zao walilichimba bwawa lile kwa kulazimishwa, basi wao watalifukua kwa hiari yao. Wakapiga makofi. Wakamchagua mwenyekiti, na Walubengo akawa mwandishi kwa sababu ya mwandiko wake.

Mwandiko aliurithi kwa baba. Mzee Wakhisi alikuwa Mbukusu wa Bungoma aliyeletwa Pap Onditi kuwa karani wa ghala la pamba, na mwanawe alifika hapo akiwa na miaka mitano. Kijaluo alikiokota michezoni, na hata alipoota, aliota kwa lugha hiyo. Baba alipofariki, lori lilibeba jeneza kwenda Bungoma, na mama na wadogo zake wakapanda lori hilohilo. Walubengo alibaki amalizie shule. Shule ikaisha, akafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli pale sokoni, na mwaka ukapita, na mwingine. Watu walimpenda. Lakini kwa Wajaluo kuna neno jadak, yaani mtu anayeishi kwenye ardhi ya wengine kwa ruhusa yao. Jadak anaweza kulima, anaweza hata kuzeeka hapo, ila siku akifa atatafutiwa lori.

Sasa wenye ardhi walikuwa wameondoka, na jadak ndiye aliyebaki. Wawili walienda Mombasa bila kuacha anwani. Wawili walikuwa Kericho wakichuma majani chai. Mmoja alirudishwa nyumbani Januari akiwa anakohoa, na kabla ya Pasaka walimzika. Dorca aliolewa upande wa Kendu Bay. Ochieng, mwenyekiti, alikuwa akibeba magunia Kisumu na kulala mtaa wa Manyatta.

Hayo yote yalitokea wakati barua yao ikiwa njiani. Ndiyo hali ya barua. Waliiandikia ofisi moja ya kanisa mjini Kisumu, iliyosaidia miradi ya vijana, wakaambiwa wasubiri, na jibu likaja baada ya miaka miwili likiwa na fomu ya kurasa nne. Ofisi ilikuwa tayari kutoa wilibaro, sepetu na saruji. Ilitaka ramani yenye vipimo, mpango wa kazi wa mwezi kwa mwezi, barua ya chifu msaidizi, na sahihi za vijana wasiopungua wanane wa umri wa miaka kumi na minane hadi thelathini na mitano. Kisha waje wenyewe kulieleza ombi lao mbele ya kamati, Alhamisi ya mwisho ya Agosti. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Walubengo alianza na alichokiweza. Alipanda korongo hadi linapoanzia, akaona kwamba kufukua bwawa bila kuzuia udongo wa juu ni kuchota maji kwa kikapu. Kwa hiyo mpango wake ulianzia mlimani: mistari ya mkonge kukata mteremko. Halafu kuondoa tope mpaka kwenye udongo mgumu wa mfinyanzi, kuinua ukuta, kutengeneza mkondo wa saruji wa kutolea maji yakizidi, na kuzungushia ua wa ojuok, ile minyaa yenye utomvu ambayo ng'ombe haigusi. Hakuwa na meza. Alichora akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, rula juu ya ubao uliolazwa godoroni.

Kilichomtatiza ni neno moja dogo. Fomu ilitaka waandike kwa wingi. "Sisi vijana wa Obange tutafukua," aliandika. "Tutapanda. Tutajenga." Kila alipoinua macho aliona jiko la mafuta, tairi mbili zilizotundikwa ukutani, na shati lake la pili.

Jumamosi aliendesha baiskeli hadi Katito, akakata njia ya Kendu Bay kumtafuta Dorca.

Alimkuta akianika omena juu ya wavu, tumbo limetangulia mbele. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kizingitini.

"Huyu ni nani?" mama mkwe aliuliza.

"Ni mtu wa kwetu, Mama," Dorca alijibu.

Maneno hayo Walubengo aliyaweka moyoni kama mtu anavyotia kitu mfukoni.

Dorca aliifuta mikono yake, akaitazama ramani kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia Walubengo. Aliuweka ukucha mahali pamoja. "Hapa umefunga kwa ojuok. Ng'ombe wa kina Mama Milka watapita wapi?"

"Nilisahau."

"Acha mlango hapa. Na birika la kunywea liwe nje, wasiingie na kwato."

Walubengo alitoa penseli akachora mlango. Kisha akatoa fomu na kalamu. Dorca aliitazama kalamu, akamtazama na mama mkwe, akasema kwa sauti ya chini, "Walu, huyo Dorca wa Obange hayuko tena. Nikiweka sahihi, watu wa hapa wataniuliza mimi ni wa wapi."

"Ni jina tu."

"Kwako ni jina tu."

Dorca alimfungia samaki wakavu kwenye gazeti, akamsindikiza hadi penye njia. Aliporudi kwenye omena zake hakugeuka, na Walubengo aliona kwamba hiyo ilikuwa busara.

Jumamosi iliyofuata alienda Kisumu. Manyatta alimpata Ochieng kwa kuuliza mlango hadi mlango, chumba kimoja cha mabati na udongo alichokaa na wenzake wawili. Ochieng alimkumbatia hadi miguu ikaacha sakafu. Alimtuma mtu mkate, akachemsha chai yenye maziwa mengi, akauliza habari za kila mbwa na kila mti. Mabega yake yalikuwa yamepanuka, na kwenye shingo palikuwa na sugu ya magunia.

Walubengo alitandaza ramani kitandani. Ochieng aliinama juu yake, na kwa dakika chache alikuwa yule wa kanisani. "Omera, ndugu yangu, hii ni kazi," alisema. "Hii ni kazi kweli." Akaweka sahihi, kubwa, yenye mkia uliopita mstari na kuingia kwenye nafasi ya mtu mwingine.

"Utakuja Alhamisi?"

"Mimi ndiye mwenyekiti. Nisipokuja atazungumza nani?"

"Sahihi bado ni mbili."

"Hao wengine si uwaandike mwenyewe? Mwandiko unao. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Ochieng alicheka, akamgonga begani. "Wewe ndiye uliyebaki, Walu. Sisi tulisema tu." Alisema kwa upendo, na kwa sababu hiyo maneno yalikaa vibaya zaidi. Asubuhi alimpa kifurushi cha sabuni na sukari ampelekee Seline, mke aliyemwoa mwaka uliotangulia na kumwacha kijijini kwa wakwe zake.

Seline alikipokea kifurushi kwa mikono miwili. Alikuwa binti wa Seme, mwembamba, mwenye macho ya kutulia. Alikigeuza huku na huku.

"Hakuandika chochote, shemeji?"

"Alikuwa na haraka ya kazi."

"Haya," alisema, akakiweka juu ya kabati bila kukifungua.

Jumatano, siku moja kabla ya kamati, Walubengo alichukua kipande cha karatasi akajaribu sahihi ya Dorca. D yake ilikuwa na kitanzi, na alikipata mara ya kwanza. Alijaribu ya yule aliyezikwa, akaipata pia. Mkono wake ungeweza kuwarudisha wote nyumbani kwa dakika tano. Aliitazama karatasi ile, kisha akaichoma kwenye jiko. Mahali pa sahihi sita aliacha wazi, na badala yake akaongeza ukurasa wa tano, ambao hakuna aliyeuomba, akaeleza kila mmoja alipo na tangu lini. Kwa yule wa Januari aliandika: yuko nyumbani, nyuma ya nyumba ya mama yake.

Alifika Kisumu mapema. Ofisi ilikuwa ghorofani, nyuma ya soko, na ngazi zilikuwa zimejaa vikundi. Kimoja kilivaa mashati ya rangi moja. Kingine kilikuwa na wimbo. Walubengo alikaa kwenye ngazi ya chini ili amwone Ochieng akiingia langoni. Kila mtu mrefu aliyepita barabarani alimwinua nusu, kisha akamkalisha. Saa sita wakaita Obange.

Mezani walikuwa watatu, na aliyeuliza ni afisa wa miradi, Bwana Gordon, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Wengine wako nje?"

"Hapana, Bwana. Niko mimi."

Bwana Gordon alifunua kurasa. "Jina lako Walubengo. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Pap Onditi."

"Kwenu, namaanisha."

"Baba alikuwa wa Bungoma."

Mwanamke mmoja aliyevaa miwani, aliyekaa pembeni, alikuwa akisoma ukurasa wa tano. Aliusoma hadi mwisho, akarudi juu, akausoma tena. Kisha akaivuta ramani.

"Nani amechora?"

"Mimi."

"Leo nimeona ramani nyingi. Hii mtu anaweza kuchimba nayo." Akamtazama Bwana Gordon, naye Bwana Gordon akatikisa kichwa polepole, si kwa ubaya.

"Kijana, umefanya vizuri kusema ukweli. Lakini mtu mmoja si kikundi. Tukikupa wilibaro kumi, utasukuma tisa na nani? Rudi mwaka ujao na watu."

Njia ya kurudi ilikuwa na upepo wa mbele. Baadaye alisikia kwamba siku hiyo mabehewa ya magunia yalifika na Ochieng hakuweza kuacha kazi. Huenda ilikuwa kweli.

Aliitundika fomu kwenye msumari kibandani, pamoja na risiti, akarudi kwenye minyororo na spoku. Miezi miwili hakupita njia ya Obange. Kulikuwa na njia nyingine, ndefu kidogo, akawa anaitumia hiyo.

Siku moja ya Novemba Seline alileta baiskeli ya baba mkwe wake. Ilikuwa imebebeshwa madumu ya maji hadi gurudumu la nyuma likapinda. Walubengo alipokuwa akiifungua, Seline alisimama akiusoma ukuta, kwa kuwa ni mtu wa kusoma chochote kilichoandikwa. Alikuwa amefika kidato cha pili kabla ya karo kumshinda baba yake. Akaitoa fomu msumarini.

"Ndiyo hii waliyokataa?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya watu."

"Vijana hawapo, shemeji. Wote wameenda."

Seline aliendelea kusoma, na Walubengo akaendelea kunyoosha gurudumu. "Hapa wameandika miaka kumi na minane hadi thelathini na mitano," alisema Seline. "Mimi nina ishirini na mbili."

Walubengo aliinua uso.

"Mimi ni nini, shemeji? Mzee?"

Seline aliirudisha fomu msumarini kwa uangalifu. "Njia ya mtoni asubuhi tuko kumi na watatu. Aliyetuzidi wote ana thelathini na moja. Hakuna aliyetuuliza."

Alipoondoka, Walubengo alikaa juu ya kigoda chake na spana mkononi. Wale wanawake walipita mbele ya kibanda chake kila siku ya Mungu, na madumu na watoto migongoni. Aliwasalimu kwa majina ya waume zao. Alikuwa amezunguka hadi Kendu Bay na Manyatta akiwatafuta waliozaliwa Obange, na hakuwahi kuwahesabu walioletwa. Tena yeye, kati ya watu wote, naye aliletwa.

Walikutana bomani kwa Mama Milka, Jumapili tatu mfululizo. Mama Milka mwenyewe alikuwa amepita umri, lakini alipika uji na kuamua nani amalize kusema. Mpango wa Walubengo waliushika wakauchambua kama omena. Walitaka mahali pa kufulia mbali na pa kuteka. Walitaka ukuta uwe na ngazi, kwa sababu mwenye mimba hawezi kushuka mteremko na ndoo. Walitaka kazi ianze saa tatu, baada ya watoto kula, na isimame wakati wa kupanda mahindi. Yeye aliandika. Sasa alipoandika "tutafukua" hakuinua macho. Sahihi za wanawake zikawa nane na tano zaidi, na tano kati ya hizo zote zilikuwa alama za dole gumba. Chifu msaidizi alinung'unika kwamba huu ni mradi wa vijana, si wa wake za watu, lakini muhuri akapiga.

Agosti 1988 walikwenda Kisumu watano, na Seline ndiye aliyezungumza. Hakuwa na sauti ya kujaza nyumba. Aliwaeleza tu maji yalipo, na saa wanayoamka, na wanachotaka kufanya kwanza, cha pili na cha tatu. Yule mwanamke wa miwani aliandika jambo kwenye karatasi, akampitishia Bwana Gordon. Kabla ya Krismasi lori liliteremsha wilibaro kumi.

Walianza Januari, na majuma mawili ya kwanza Walubengo aliyakumbuka maisha yake yote. Alichimba, wao wakasukuma. Waliimba nyimbo za Seme na za Gem na za Karachuonyo, kila mmoja na za kwao, wakabishana ipi ni sahihi. Walimfundisha moja wakamcheka alivyoitamka. Mchana walikula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kutoka sufuria moja, naye alikaa kwenye duara hilo kama mtu mwingine yeyote.

Juma la tatu kulikuwa na mazishi kijijini, na Ochieng akaja nyumbani. Siku iliyofuata alikuja kibandani asubuhi. Alikataa kiti.

"Omera, watu wanaongea."

"Wanasema nini?"

"Mwanaume mmoja na wake za watu kumi na watatu. Na huna mke." Aliitazama barabara. "Na tena wewe si..."

"Si mtu wa hapa," alimalizia Walubengo.

"Mimi sikusema hivyo."

"Hukusema."

Walisikiliza mashine ya kusaga iliyokuwa ikinguruma upande wa pili wa soko. "Wewe ni mwandishi," Ochieng alisema hatimaye. "Kaa na uandishi. Waume wengine wako Kericho, Mombasa, wanasikia maneno. Wanaume wakikasirika, watawakataza wote, na bwawa litakufa. Unajua hivyo."

"Uliweka sahihi, Ochieng."

"Niliweka," alisema mwenzake, na aibu ilimpita usoni, lakini haikukaa. Alinyoosha mkono, Walubengo akaushika, kwa sababu walikuwa wametoka mbali. Mkono ule ulikuwa mgumu kama gogo.

Tangu siku hiyo Walubengo hakuonekana tena bwawani saa tatu. Alikwenda alfajiri, kukiwa na mwanga wa kutosha kuona sepetu, akachimba hadi jua lilipotoka vizuri, akaondoka kabla ya mlango wa kwanza kufunguliwa. Wanawake walipofika walikuta kipande kimechimbwa, kingo zake zimenyooka kama mstari wa rula, na udongo umerundikwa tayari kwa wilibaro. Hakuna aliyeuliza ni nani. Hata waume waliorudi likizo hawakuuliza. Kwa mbali, akiwa kibandani, upepo ulipoelekea sokoni, alisikia wakiimba, na ule wimbo aliofundishwa aliufuata kwa midomo bila kutoa sauti.

Tope liliisha mwanzoni mwa Machi. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa wa buluu, baridi mkononi. Saruji ya mkondo ilikauka siku tatu kabla ya mvua ya kwanza.

Aprili ilinyesha kama iliyotumwa. Mkonge wa mlimani ulizuia sehemu kubwa ya udongo, si yote, na maji yaliingia bwawani yakiwa mekundu, yakatulia, yakawa ya rangi ya chai, kisha yakaanza kuonyesha mawingu. Juni ofisi ilikuja na magari mawili. Ochieng alifika kutoka Manyatta akiwa na koti, akazungumza kama mwenyekiti mwanzilishi, na alizungumza vizuri sana. Seline aliitwa asimame akapigiwa makofi. Walubengo alikuwa nyuma, kando ya ua wa ojuok, akishikilia baiskeli za wageni zisiangukiane. Yule mwanamke wa miwani alimwona, akaanza kuja upande wake, lakini mtu akamwita apige picha.

Majuma kadhaa baadaye, asubuhi moja ya ukungu, alikuwa upande wa juu wa bwawa akiziba mwanya kwenye mstari wa mkonge. Alikuwa amechelewa siku hiyo. Aliposikia ndoo alijua hana pa kwenda, akabaki ameinama na kazi yake.

Walikuwa Seline na wengine wawili. Waliteka maji kwenye ngazi, wakaongea mambo yao. Kisha sauti ya Seline ikavuka maji, ya kawaida kabisa.

"Shemeji, umekula?"

"Bado."

"Kuna nyoyo."

Alimwona akitoa bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, akalifuta chini kwa kiganja, akaliweka juu ya ukuta, mahali pakavu. Alisimama kidogo kama mwenye jambo la kuongeza. Wale wenzake walikuwa wamekwisha kujitwika. Akajitwika na yeye, wakaondoka kwa mstari mmoja wakifuata njia ya boma kwa Mama Milka, na mazungumzo yao yakaendelea kupungua hadi ukungu ukayameza.

Walubengo alimaliza kushindilia mche wa mwisho. Akanawa mikono bwawani, akazunguka ukuta mzima hadi lilipo bakuli, akaketi akala. Chakula kilikuwa bado cha moto. Alikula polepole, akiyatazama maji, na alipomaliza aliliosha bakuli, akalirudisha palepale lilipokuwa na kitambaa chake juu, akaenda kufungua kibanda.